Lavonne na Masikio ya Nguruwe Jike

Lavonne Dreesman tulimzika Februari iliyopita, ardhi imeganda kiasi kwamba wachimba kaburi waliipasha moto siku nzima kabla sepetu haijazama. Hata kufa alikufa kwa kusumbua watu. Nina haki ya kusema hivyo. Nilimzidi miaka tisa, nikamjua tangu anaburuzwa na nduguze kuletwa shule, na ni mwanawe Joleen mwenyewe, aniitaye shangazi kwa heshima tu, aliyeniomba niandike habari za mama yake kwa ajili ya kitabu cha kanisa letu.

Nikamwambia, "Nitaandika, lakini sukari sitapaka."

Akasema, "Paka utakachopaka, Shangazi Verda. Ila usiache kitu."

Basi nisilaumiwe.

Lavonne alizaliwa kwa akina Hathcoat, na akina Hathcoat ni watu wa bondeni. Hapa Gilboa, kijijini kwetu Iowa, haikuwa lazima useme zaidi. Sisi akina Swaim tulikaa juu kwenye kiinuko, penye udongo mweusi ambao ungeweza kuupaka kwenye mkate. Wao walikaa kando ya kijito cha Skillet, ambako kila theluji ilipoyeyuka maji yaliingia jikoni bila kupiga hodi. Baba yake alilima mahindi ambayo samaki waliyafaidi kuliko ng'ombe. Mwaka niliomaliza darasa la nane katika shule yetu ya chumba kimoja, ndio mwaka Lavonne alioanza, na mwalimu alinipa kazi ya kumvua mabuti yenye matope. Alibeba chakula chake kwenye kopo, na ndani ya kopo mlikuwa na mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe, kwa kuwa siagi waliiuza yote. Watoto wakampa jina la Siagi. Jina hilo lilitoka kinywani mwa nani sikumbuki, nami nakumbuka mambo yote.

Alikua, akaolewa na Delbert Dreesman, Mjerumani mpole aliyefuga nguruwe na kuongea nao zaidi ya alivyoongea na watu. Lavonne akapika shuleni miaka thelathini na mmoja. Ukimuuliza mtu yeyote wa Gilboa mwenye umri wa chini ya miaka hamsini amejifunza nini shuleni, atakwambia habari za mchuzi wa maharage wa Lavonne na mkate wake wa mdalasini uliosokotwa kama konokono, na baada ya hapo atanyamaza, kwa sababu hakuna kingine alichojifunza. Ile mikate nilijaribu kuioka mara nne. Mara nne mbwa wangu aliikataa. Hilo nalisema mara moja tu, silirudii.

Kama angeishia hapo, habari zake zingetosha nusu ukurasa. Lakini Delbert akafa. Wanawake wengine wakifiwa na waume huanza kucheza karata, wengine huhamia Arizona kwa watoto. Lavonne alianza kufukua mababu.

Usidhani natania. Aliandika barua kwa kila Hathcoat aliyepatikana kwenye vitabu vya simu vya majimbo saba. Alinunua kiti cha kukunja, brashi laini na mfuko wa unga wa ngano, akawa anazunguka makaburini. Unga anaupaka kwenye jiwe la zamani, anafuta kwa mkono, maandishi yanabaki meupe, anapiga picha. Makaburi ya tarafa tatu yalikaa kama yametoka tanurini. Nilimwambia unga unaharibu mawe. Akaniambia, "Dada Verda, mawe hayo yamekaa miaka mia bila kutembelewa na mtu. Yatavumilia kikombe cha unga."

Kanisani kwetu watu huitana ndugu na dada, hata wasiopendana. Hasa wasiopendana.

Wafiwa nao hawakupona. Baada ya mazishi huwa tunakula ukumbini chini ya kanisa, kila mama amekuja na bakuli lake, na Lavonne angekwenda na sahani yake kukaa karibu na mjane mpya.

"Pole sana, dada. Mume wako, bibi yake mzaa mama alitoka Ohio au Indiana?"

"Lavonne! Mtu hajapoa kaburini!"

"Ndiyo maana nauliza kabla hujasahau."

Na kisa cha yote hayo ni mtu mmoja, babu wa babu yake, Lemuel Hathcoat. Habari za Lemuel alizisoma kwenye kile kitabu kikubwa cha wasifu cha mwaka 1883, chenye jalada la ngozi na pembe za dhahabu. Kila nyumba ya zamani hapa ina nakala yake, inazuia mlango usifungwe na upepo. Humo imeandikwa kwamba Lemuel "aliingia katika nyika hizi msimu wa kuchipua wa mwaka 1845, akiwa na shoka, Biblia na moyo usiojua hofu, na hakuna jirani aliyewahi kumlalamikia." Lavonne aliijua sentensi hiyo kwa moyo. Aliisoma kwenye simu, aliisoma kwenye foleni ya posta.

Sasa, mimi babu yangu alikuwepo yule muuza kitabu alipopita. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitatu, na uzeeni alinisimulia nami nimekaa kwenye sanduku la kuni. Muuzaji alikuja na farasi mwembamba na daftari. Ukilipa, unajieleza mwenyewe. Ukiongeza kidogo, unawekewa picha na ndevu zako. Watu ambao hawakuwahi kushika Biblia ila kwa kunolea wembe walitoka humo wakiwa mitume. Babu yangu alimfukuza kwa uma wa nyasi, ndiyo maana sisi akina Swaim hatumo. Hatukuwa na haja ya kununua sifa.

Nilimweleza Lavonne hayo waziwazi. "Hiyo sentensi aliitunga Lemuel mwenyewe."

"Basi alitunga vizuri," akasema. "Wa kwenu alitunga nini?"

Mambo yalikuwa hivyo hadi Iowa ilipokaribia kutimiza miaka mia na hamsini tangu kuwa jimbo. Kaunti ikaunda Chama cha Wazao wa Waliotangulia. Masharti ni mepesi kuyasema: uthibitishe kwa karatasi kwamba mzee wenu alikuwa hapa kabla Iowa haijawa jimbo, yaani kabla ya mwisho wa mwaka 1846. Ukithibitisha unapewa beji ya shaba yenye picha ya jembe, unavaa mshipi wa buluu begani, na katika gwaride la Agosti unapanda gari la farasi linalotangulia mengine yote. Katibu wa chama alikuwa Wendell Purkey, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu ambaye hata salamu huihakiki kabla ya kuipokea.

Mimi beji yangu ilikuja wiki ya pili. Babu wa baba yangu, Jabez Swaim, alinunua ardhi mwaka 1843, hati ipo, muhuri upo. Niliivaa kanisani. Niliivaa dukani. Kama mtu hakuiona nilijikuna karibu nayo.

Lavonne alipeleka kitabu cha dhahabu. Wendell akakirudisha na kijibarua: chama hakipokei habari ambazo mtu ameziandika juu yake mwenyewe miaka arobaini baadaye, leta karatasi ya wakati ule ule. Lavonne akapeleka hati ya ardhi. Ilikuwa ya mwaka 1849. Ikarudi. Akapeleka hesabu ya watu. Ya mwaka 1850. Ikarudi. Akapeleka picha ya jiwe la kaburi lililojaa unga. Wendell akaandika, "Hii inathibitisha alikufa."

Watu wakacheka, na mimi nilicheka nikiwa mbele. Lakini niseme kweli, niliona uso wake Jumapili ile. Alikuwa na miaka sabini na mitano, na alikuwa na uso uleule wa mtoto anayefunika kopo lake kwa mkono ili wenzake wasione ndani. Kwake beji haikuwa shaba. Ilikuwa ni kutoka bondeni. Angalau mara moja, mbele ya mahakama, akiwa juu ya gari, na sisi wa kiinuko tukiwa pembeni tunamtazama. Siku ya mwisho ya kupeleka karatasi ilikuwa ya kwanza Juni, na Mei ilikuwa imeshaanza.

Akaja jikoni kwangu.

"Dada Verda, watu wako na watu wangu walipakana uzio kwa uzio. Huna karatasi yoyote yenye jina la Lemuel? Barua? Chochote?"

"Uzio haukuwepo wakati ule."

"Ni namna ya kusema tu. Umenielewa."

Nikammiminia kahawa. Nikamwangalia. Shetani akavuta kiti akaketi nasi.

Maana mimi nilijua. Habari hii tumeirithi kwetu kama wengine wanavyorithi saa ya ukutani. Wakati ule hakuna aliyefunga nguruwe; waliachiwa msituni wakajilishe kokwa za mialoni, na kila mtu aliwatambua wake kwa jinsi alivyowakata masikio. Babu yangu alinifundisha alama ya Jabez, baba yake, kwa kuichora kwenye ubao wa mkate: sikio la kulia limekatwa ncha, la kushoto limepasuliwa kama mkia wa mbayuwayu. Na Lemuel Hathcoat? Yeye alama yake ilikuwa kukata ncha masikio yote mawili. Fikiri kidogo. Mwenye alama hiyo, akikuta nguruwe wa mwenziwe mwenye mkato wowote, anapitisha kisu mara moja tu, mkato wa mwenziwe unaangukia majanini, na nguruwe ni wake. Babu yangu alisema mtu akichagua alama ile, fungia ndani hata watoto wako.

Katika msimu wa kuvuna mahindi, mwaka 1846, Jabez alipoteza nguruwe jike mnene mweupe. Mla nguruwe huchagua aliyenona, na Lemuel alichagua. Jabez akamkuta nyuma ya kibanda cha Lemuel, masikio mafupi, damu mbichi. Akamshtaki kwa hakimu wa tarafa, Lemuel akatozwa faini. Babu yangu alimalizia hapo kila mara, akijipiga gotini kwa kiganja.

Oktoba 1846. Miezi miwili kabla Iowa haijawa jimbo.

Nikasema, "Kuna kitabu cha hakimu wa tarafa. Kimo ndani ya sanduku la bati kwenye chumba cha chini cha mahakama ya kaunti. Tazama Oktoba ya mwaka 1846. Utamkuta Lemuel."

Alishika mkono wangu. "Alikuwa shahidi?"

"Alikuwa mtu muhimu sana siku hiyo," nikasema.

"Dada Verda, Mungu akubariki."

Akaenda mbio hata kahawa hakumaliza. Nami niliosha kikombe chake nikiimba. Kwa maana kuna jambo yeye alikuwa amelisahau na mimi sikulisahau: siku ya gwaride, kabla magari hayajaondoka, Wendell angesimama kwenye ngazi za mahakama na kuisoma karatasi ya kila familia, neno kwa neno, kwenye kipaza sauti. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye masharti. Lavonne alikuwa na njia mbili. Akae bila beji, au akae nayo na kaunti nzima isikie kwamba moyo usiojua hofu wa Lemuel ulikuwa ukitembea na kisu msituni. Nilijua atachagua kukaa kimya. Mtu wa bondeni habebi aibu yake mwenyewe kuileta mjini.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Niliweka kiti karibu na simu. Siku ya nne Lavonne akatokea kwenye baraza yangu na sinia limefunikwa kitambaa. Mikate ya mdalasini, bado ina moto.

"Umemkuta?" nikauliza, uso wangu mtakatifu.

"Nimemkuta."

"Na?"

"Nimepeleka. Ndugu Wendell amepokea. Beji inakuja."

Nusura nimwage kahawa. "Lavonne, unajua wanasoma mbele ya watu?"

"Najua."

"Ukurasa mzima?"

"Nimemwomba mwenyewe asome mzima, asiruke hata nukta. Akasema yeye haruki nukta." Akaketi, akafungua kitambaa, akanisogezea mkate mkubwa kuliko yote. "Dada Verda, wewe ule ukurasa uliwahi kuusoma?"

"Mimi sina haja ya kusoma. Nilisimuliwa na babu yangu, mtoto wa Jabez mwenyewe."

"Alikusimulia hadi wapi?"

"Hadi mwisho. Hadi Lemuel alipotozwa faini."

"Ahaa," akasema. "Kula mkate, unapoa."

Nilikula. Ulikuwa mtamu, na sikuupenda hata kidogo.

Mtu mwenye akili angekwenda mahakamani kesho yake akasome. Lakini mimi, niende nikaulize kama babu yangu alisema kweli? Nilipiga pasi mshipi wangu wa buluu, nikangoja Agosti.

Agosti ikaja na joto lake, lile la kufanya mahindi yasikike yakikua. Viwanja vya mahakama vilijaa. Watu walikuwa na viti vyao, vifeni vya mkono vya kanisani, mahindi ya kuchoma, maji ya limau yenye barafu. Gari la farasi la wazao lilisimama mbele, mabunda ya nyasi ndiyo viti, na mimi nimekaa bunda la mbele kabisa, maana nilifika saa kumi na mbili asubuhi kulishika. Utaratibu ulikuwa familia ikisomwa, mzao wake anasimama chini ya ngazi, anavishwa beji au anaonyesha aliyonayo, halafu anapanda garini. Mimi kama mkongwe niliruhusiwa kupanda kabla.

Wendell alisoma kwa mpangilio wa herufi. Walipita watu wenye hati za ardhi, watu wenye risiti za kodi, mmoja mwenye leseni ya kivuko. Watu walianza kupiga miayo. Kisha akasema, "Hathcoat," akarekebisha miwani.

Lavonne alisimama pale chini amevaa gauni la njano, mikono mbele, kama mtoto anayengoja kuimba.

"Kitabu cha hakimu wa tarafa ya Skillet," Wendell akasoma, "tarehe kumi na tisa Oktoba, elfu moja mia nane arobaini na sita. Jabez Swaim anamshtaki Lemuel Hathcoat kwamba amemchukua nguruwe wake jike na kumbadilisha masikio."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa watu wa nguruwe, upande wa kivulini. Kikaenea. Nikajinyoosha mgongo. Nikatazama mbele kama malkia.

"Nguruwe ameletwa mbele ya baraza na kufungwa kwenye gurudumu. Wazee sita wameapishwa, wamemkagua. Sikio la kulia limekatwa ncha, jeraha kongwe. Sikio la kushoto limekatwa ncha, jeraha bichi, limekatwa upande, na chini ya mkato umebaki mwisho wa mpasuko wa zamani. Swaim amesema, huo ni mpasuko wa mbayuwayu wangu. Hathcoat hakuwa na neno."

Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akaguna kama nguruwe. Lavonne hakutikisika.

"Ndipo mzee mmoja wa baraza," Wendell akaendelea, na sauti yake ikapungua mwendo, "akasema kwamba mpasuko wa kisu huishia kwa ncha kali, na huu umeishia mviringo. Baraza likauliza ni nani anayetoboa sikio tundu la mviringo. Wakajibu wote, ni mjane Keziah Ott. Mjane ameitwa, amekuja na nguruwe wake mwingine, tundu likapimwa kwa kidole cha mzee yuleyule, likalingana. Baraza linaona kwamba nguruwe huyu alitobolewa na mjane Ott. Kwamba Jabez Swaim alipasua kutoka ncha hadi kwenye tundu na kukata la kulia, akamfanya wake. Na kwamba Lemuel Hathcoat alikata tena la kushoto, akamfanya wake. Nguruwe arudishwe kwa mjane. Hathcoat alipe dola mbili. Swaim alipe dola tatu, kwa kuwa yeye ndiye aliyethubutu kuleta kesi."

Mnajua watu wa Iowa. Hatucheki kwa sauti, tunatabasamu upande mmoja wa mdomo tukahesabu tumecheka. Siku ile niliona mashemasi wamejishika mbavu. Niliona mwanamke ambaye hajacheka tangu vita vya Korea anajifuta machozi kwa mshipi wake. Na juu ya bunda la mbele, mbele ya kaunti nzima, nilikuwa nimekaa mimi, na beji yangu nimeing'arisha kwa siki.

Lavonne alivishwa beji. Akamshukuru Wendell. Akapanda ngazi ya gari taratibu, goti lake moja lilikuwa baya, mabunda mengi bado wazi, akayapita, akaja hadi kwangu.

"Sogea, Dada Verda," akasema. "Tumeshtakiwa pamoja, tukae pamoja."

Nikasogea. Ningefanya nini, niruke?

Farasi wakaondoka. Mtaa Mkuu mzima watu wanatugunia. Lavonne anapunga mkono kushoto na kulia kama aliyeshinda uchaguzi.

"Ulijua tangu siku ile ya mikate," nikamwambia bila kufungua meno.

"Ulijua tangu siku ile ya kahawa," akanijibu.

"Labda Jabez alimnunua nguruwe akiwa tayari ana tundu."

"Labda."

"Inawezekana."

"Inawezekana kabisa. Punga mkono, Siagi, watu wanakutazama."

Aliniita hivyo, mbele ya farasi na watu. Miaka sabini alikuwa amelitunza jina lile, halafu akanirudishia kama mtu anayerudisha bakuli baada ya mazishi, limeoshwa safi.

Msidhani baada ya hapo tulipendana. Alivaa beji ile hadi ikachosha macho. Aliivaa kwenye koti la kulishia nguruwe, aliivaa kliniki, na Joleen anasema aliikuta kwenye gauni la kulalia. Lakini kufukua hakuacha. Miaka mitano iliyobakia alimtafuta Keziah Ott. Hakuwa na undugu naye hata wa kuokoteza. Aliandika barua, akapaka unga, akakaa kwenye kile chumba cha chini cha mahakama hadi karani akampa ufunguo. Hakupata kaburi, hakupata mtoto, hakupata hata mwaka aliokufa. Alikwenda kwa Wendell kuomba mjane naye aandikwe kwenye orodha ya waliotangulia, maana ukurasa uleule unamtaja.

Wendell akasema, "Lazima mzao wake alete maombi."

"Hana mzao."

"Basi hakuna wa kumpa beji."

Lavonne akaja kunieleza akiwa mwekundu shingo nzima. "Wezi wawili tunajua hadi siku waliyobatizwa. Mwenye mali yake hatujui hata alipolala."

"Sema mwizi mmoja na nusu," nikamwambia.

"Nani nusu?"

Nikamsogezea kikombe cha kahawa. Alikuwa amekwisha kuhesabu zile dola mbili na tatu.

Akafa Februari, kama nilivyosema. Hapa kwetu siku hizi mtu huchongwa kwenye jiwe lake kile alichokipenda: trekta, samaki, gari la kuvunia. Mume wangu Orville nilimwekea mganda wa ngano, na jina langu liko pembeni yake tangu mwaka aliokufa, limeachiwa nafasi ya tarehe tu. Jiwe la Lavonne lilisimamishwa Mei, wiki moja kabla ya Siku ya Kupamba Makaburi. Siku yenyewe nilikwenda na maua yangu ya peoni kwenye kopo la kahawa, nusu ya Orville, na machache yaliyosinyaa nikayatenga kwa ajili yake, kwa adabu.

Dreesman wako safu inayokabili ya kwetu. Hilo nililijua. Kisichojulikana kwangu ni kwamba Lavonne alikuwa ameacha mchoro kwa mchonga mawe, kwa kipimo, ameulipia kabla. Nguruwe jike mnene, amesimama upande, kichwa kimegeukia watazamaji. Sikio la kulia limekatwa ncha. Sikio la kushoto limekatwa ncha, upande, na chini ya mkato pana kijitundu cha mviringo. Ananitazama mimi. Atanitazama mvua na theluji, mimi na Orville na mganda wetu, hadi parapanda.

Joleen alikuwepo, na nusu ya kanisa, kila mtu na kopo lake. Wakaanza kuuliza. Huyu nguruwe ana nini masikioni? Vijana hawajui, wengi hata gwaride lile wamelisahau. Joleen akasema, "Muulizeni Shangazi Verda. Yeye ndiye anayekumbuka."

Basi nikaeleza. Nikaanza na msitu na mialoni, nikaja kwa Lemuel na kisu chake, wakacheka vizuri. Nikafika mahali Jabez anamkuta nguruwe nyuma ya kibanda, Lemuel akatozwa faini. Nikasema jua limekuwa kali, twendeni ukumbini, kahawa iko tayari.

Watu wakaanza kuondoka. Joleen hakuondoka. Alikuwa ameinama anamrekebishia mama yake yale maua yangu yaliyosinyaa.

"Mama alisema ungeishia hapo," akasema.

Upepo ulikuwa unapita kwenye makopo. Nikamtazama nguruwe, naye akanitazama.

"Alisema nini kingine?"

"Alisema nikuombe uiandike. Ukiwa umekaa peke yako na kalamu, alisema, labda utafika kwa mjane."

Nimefika.